Ukuta Kati ya Bwana na Bibi

"Sentimita tisini kwenda juu, arobaini kwa arobaini chini. Vioo pande zote, na mfuniko wa kioo," alisema mwanamume mmoja mbele ya kaunta ya mkata vioo, na nyuma yake mtu akacheka kwa pua.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi na duka lile la vifaa vya ujenzi limefurika. Watu wamekumbatia mabomba, ndoo za rangi na masinki, mashine ya vioo inalia, kila mmoja anadai ndiye aliyetangulia. Aliyecheka alikuwa fundi wa makabati. Mjini walimwita Milimita, tangu siku ile alipomfuata mteja mpaka nyumbani kuchukua mlango ambao mteja mwenyewe alisharidhika nao, ati umepishana kidogo na mwenzake. Alivaa ovaroli ya buluu, penseli kaichomeka kwenye nywele, na mdomoni rangi nyekundu iliyokaa sawasawa. Kwake yeye, vumbi la mbao halikuwa sababu ya mwanamke kutoka bila kujipamba.

Mwanamume akageuka. "Dada, kuna kichekesho?"

"Hakuna, kaka. Nasikitika tu."

"Unasikitika kwa pua?"

"Humo ndani unaweka nini? Maua?"

"Mijusi."

Foleni nzima ikanyoosha shingo. Mama mmoja mwenye ndoo ya rangi akasogea hatua nyuma.

"Mijusi wawili wa kufuga," yule mwanamume akaendelea bila kutetereka, akatoa simu na kuonyesha picha. Walikuwa wanene, wa rangi ya mchanga, kila mmoja urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole, na chini ya kidevu wana miiba midogo iliyokaa kama ndevu. "Asili yao jangwani, mbali huko. Dada yangu kamfuata mumewe ng'ambo, mijusi kaniachia mimi. Sanduku lao limepasuka nikiwahamisha."

"Wanapanda juu au wanatembea chini?"

"Wanatembea. Halafu wanaota jua."

"Sasa mbona unawajengea mnara? Na jua lao litatoka wapi?"

"Taa ya joto, juu ya mfuniko."

"Vioo pande zote, na taa juu! Kaka, hilo si banda, hilo ni oveni."

Hapo mwanamume akavuta pumzi, kifua kikajaa. Alikuwa mrefu, mikono mipana, na kwenye kola ya koti lake jeusi palikuwa na unga mweupe. "Dada, kwenye oveni usinifundishe. Mimi ni mwokaji. Na pilipili usiyoila yakuwashiani?"

"Inaniwasha kwa sababu kipimo kibaya kinaniuma kama jino."

Mwokaji alijitahidi kununa akashindwa. Alicheka mpaka mkata vioo akapiga kaunta kwa kiganja. "Jamani, nikate au nisikate?"

"Usikate!" wakajibu wote wawili kwa pamoja.

*

Kesho yake jioni Milimita alikwenda nyumbani kwa mwokaji kuchukua vipimo. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, na sebule inanukia mkate mpaka kwenye mapazia. Mijusi walikuwa wamewekwa kwa muda kwenye masanduku mawili ya plastiki yanayoonyesha, kila mmoja na lake, yametazamana.

"Mkubwa ni Bwana. Mdogo ni Bibi," mwokaji alitambulisha.

"Umejuaje kuwa ni jike?"

"Si umbo hilo? Halafu subiri uone."

Bwana aliinua kichwa akakitikisa juu chini, juu chini, haraka haraka. Upande wa pili Bibi akanyanyua mkono mmoja, akauzungusha hewani polepole, akaushusha.

"Umeona? Anamsalimia, na mwenzake anampungia. Kutwa hivyo hivyo."

Milimita akaweka mkono kifuani. "Maskini wee. Sanduku lao la zamani lilikuwaje?"

"Lilikuwa na ukuta katikati. Hata kuonana walikuwa hawaonani."

"Kwa nini?"

"Dada yangu mkali, hana huruma na wapendanao. Sanduku lake, ukuta wake. Hili letu halitakuwa na ukuta."

Alisema *letu*, kisha akajishika shingo na kuangalia dirishani. Milimita alilisikia neno hilo vizuri. Mtu ambaye angeuliza maswali saba kuhusu bawaba moja, siku hiyo aliuliza moja tu kuhusu ukuta, akapewa jibu la mzaha, akaridhika. Ndivyo mapenzi yanavyoanza, hata kwa mafundi.

Basi likajengwa kabati la kueleweka: plaiwudi nene, mita mbili na nusu kwenda pembeni, sentimita sitini kwenda ndani na sitini kwenda juu, vioo vya kuteleza mbele tu. Upande wa kushoto taa ya joto yenye kizuizi cha waya wasijichome, na chini yake jiwe bapa ambalo lilitakiwa kufika nyuzi arobaini. Upande wa kulia kivuli, nyuzi ishirini na tano, ili mwenye kuungua apate pa kukimbilia. Ndani kabisa taa ndefu yenye miale kama ya jua, maana miale ile haipiti kwenye kioo. Matundu ya hewa, ya chini upande wa baridi na ya juu upande wa joto. Chini vigae, wala si mchanga, wasije wakaumeza ukawaziba tumbo. Haya yote mwokaji aliyasoma kwenye kijitabu cha dada yake, akayasoma kwa sauti kwenye simu, na Milimita akayaandika kwenye ubao.

Vanishi ilikuwa ya maji, isiyo na harufu kali. Hata hivyo Milimita aliliacha kabati wiki mbili mbele ya feni, na wiki mbili hizo simu haikupoa.

"Fundi wangu, tumekauka?"

"Vanishi ndiyo inakauka. Mimi niko salama."

"Naweza kuja kunusa?"

"Bado siku tano, Baba Mijusi. Harufu haijaisha."

"Nani kasema nakuja kunusa vanishi?"

Milimita aliinamisha kichwa kwenye msasa ili shangazi yake asimwone akicheka. Shangazi, mdogo wa mwisho wa baba yake, alikuwa mshona makochi, na karakana ile waligawana: mbao upande huu, sponji na vitambaa upande ule.

"Nimeshaona," shangazi alisema. "Mapenzi ni kikohozi. Kohoa tu, mwanangu."

Siku kabati lilipofika, Bwana na Bibi waliwekwa ndani pamoja. Bibi akaenda kwenye jiwe. Bwana akamfuata, akampanda mgongoni, akalala juu yake, wakatulia chini ya taa.

"Wanakumbatiana!" mwokaji alipiga kelele, akapiga picha kumi. Kisha akaiweka simu chini, akamgeukia fundi wake, na fundi hakurudi nyuma.

*

Miezi mitatu ilikuwa mitamu. Mwokaji alimletea mkate wa moto kila Jumatano, na Milimita akamrekebishia rafu za duka mpaka mikate ikapendeza zaidi. Siku moja mwokaji akamshika mkono, akampeleka nyuma ya duka na kufungua mlango wa stoo.

"Mili, hapa ndipo pako. Funga ile karakana, uhamie hapa. Tutakuwa pamoja asubuhi mpaka jioni. Halafu tuoane, tumalize maneno."

Stoo ilikuwa na magunia ya unga, haina dirisha. Karakana yake Milimita aliihangaikia miaka tisa, akifanya kazi chini ya mafundi wanaume waliomtuma chai. Ilikuwa na madirisha mawili makubwa, msumeno wa meza aliouchagua mwenyewe, na juu ya mlango kibao chenye jina lake. Alitaka kusema haya. Lakini alimwangalia yule mtu uso unavyong'aa, akaogopa kumzima. Akasema, "Sawa, mpenzi."

Wiki ile ile simu ikalia saa tano asubuhi.

"Mili, Bibi hali chakula. Mkia umebaki mfupa. Ngozi imekuwa ya kijivu, hana nguvu."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi kidogo. Nilidhani anajitunza umbo." Hakucheka. "Mili, ile vanishi uliyopaka ni ya namna gani?"

"Nilikueleza. Ya maji. Nikaikausha wiki mbili."

"Ndiyo, lakini yawezekana ikawa na sumu."

"Umesema nini?"

Nyuma yake zilisikika sauti za wateja. Mwokaji alikuwa kaunta, amechoka, ana hofu, na mtu mwenye hofu hachagui maneno. "Nimesema kabati lako linamuua mnyama wangu."

Milimita alikata simu. Katika maisha yake watu walimwita mkaidi, jeuri, msumbufu. Kazi yake haikuwahi kuitwa sumu, tena mbele ya foleni ya mikate. Alisimama katikati ya karakana, machozi yakamtoka, na wala hakuyafuta.

Shangazi alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi, misumari midogo imejaa mdomoni. "Unalia?"

"Silii."

"Basi njoo ushike hiki kitambaa uvute. Vuta! Kasemaje?"

Akamweleza. Shangazi alipigilia msumari mmoja, wa pili, wa tatu.

"Na kweli ni vanishi?"

"Shangazi!"

"Nauliza. Unajua, au unajisifu tu?"

"Najua."

"Unajua au umepima?"

Shangazi akamnyang'anya kitambaa. "Nenda kapime. Ukirudi na jibu, utalia vizuri au utacheka vizuri. Sasa hivi unaniharibia kitambaa cha watu."

*

Asubuhi saa moja alibisha hodi ghorofa ya tatu. Mwokaji alifungua, macho mekundu, shati halijapigwa pasi.

"Mili, jana nili..."

"Sijaja kwako, nimekuja kwa kabati langu. Wewe nenda kazini."

Alivuta kigoda, akakaa na vipimajoto vitatu na daftari. Alifungua kioo, akaingiza kichwa chote, akanusa pembe zote nne. Hakuna harufu. Kwenye jiwe nyuzi arobaini, kwenye kivuli ishirini na tano, hewa inapita. Kazi yake ilikuwa safi. Alifurahi kwa dakika mbili hivi, kisha furaha ikaisha, maana Bibi alikuwa bado amekonda.

Akaendelea kuangalia. Bibi alijikokota kwenda kwenye jiwe, akalala. Bwana akatoka kivulini. Ndevu zake zilitanuka, zikawa nyeusi tii kama sufuria iliyokaa kwenye kuni. Akatikisa kichwa juu chini. Bibi akajibana kwenye jiwe, akanyanyua ule mkono, akaupunga. Bwana akampanda mgongoni akaota moto peke yake, na Bibi chini yake akafumba macho. Joto lote la taa liliishia kwenye mgongo wa mkubwa.

Milimita akaweka majani na karoti. Bibi akapiga hatua. Bwana akageuza kichwa tu, ndevu bado nyeusi. Bibi akasimama, akapunga mkono.

Mpaka saa sita mchana Milimita aliandika mara tisa, na mara zote tisa mkono ulipungwa baada ya ndevu kuwa nyeusi. Ile haikuwa salamu hata siku moja. Ilikuwa *samahani mkubwa, sitarudia*. Na wao walikuwa wakiipiga picha. Alijisikia vibaya, akafunga daftari.

Akapiga simu. "Njoo."

"Amekufa?"

"Hajafa. Njoo na boksi. Tunampeleka kwa daktari wa wanyama, na huyo bwana wako pia."

Daktari alikuwa mwanamama mwenye miwani iliyoning'inia kwenye ncha ya pua. Alimgeuza Bwana chali, akatazama chini ya mkia. Akamgeuza Bibi, akatazama pia, akawatazama wao.

"Bibi ni yupi?"

"Huyo mdogo," alisema mwokaji.

"Baba, huyu ni dume kama huyo mwingine. Nani kawaweka pamoja?"

Wote wawili wakaangalia sakafu kama wanafunzi waliovunja kioo.

"Hawa hawahitaji mwenzi," daktari akaendelea. "Akimlalia mwenziwe si mapenzi, anamnyang'anya joto. Na bila joto, hata chakula kidogo anachopata hakisagiki tumboni. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu amewahiwa. Wekeni ukuta, tena usioonyesha, na kila mmoja awe na taa zake."

"Na vanishi je?" Milimita aliuliza kwa sauti ya baridi, akamtajia ile vanishi na siku ilizokauka, na kumwonyesha picha za kabati.

"Vanishi haina neno. Kabati zuri hili. Fundi nani?"

"Mimi," alisema Milimita, na hakumwangalia mwokaji. Hakukuwa na haja.

Nje, kwenye ngazi za zahanati, mwokaji aliweka boksi chini. "Nimekukosea, Mili. Nilikutukania kazi yako mbele za watu bila kujua kitu. Sina cha kujitetea. Nisamehe."

"Iliniuma sana."

"Najua."

"Hujui. Lakini na mimi nina langu. Nilikuuliza kwa nini kulikuwa na ukuta, ukasema *letu*, nikaacha kuuliza. Mjusi wa watu karibu afe kwa sababu moyo wangu ulikuwa unadunda." Alishusha pumzi. "Twende. Nina ubao wa kukata."

Alasiri ile ile ukuta ukapanda katikati ya kabati, mzito, hauna hata tundu la sindano. Upande wa Bibi ukapata jiwe lake, taa yake ya joto, taa yake ndefu, na kidhibiti joto chake. Mwokaji alishika tochi na skrubu, akapitisha kila alichoambiwa. Bibi alitambaa mpaka kwenye jiwe, akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna mtu. Akatanua mwili wote ukawa bapa kama chapati, akaachama mdomo kwa utamu wa joto.

Mwokaji akafuta macho kwa kiwiko. "Mili, ile stoo nimeshaifagia. Wiki ijayo naleta gari lihamishe vitu vyako."

Milimita alikuwa akipanga bisibisi kwenye mkoba. Akaacha. "Sihamii."

"Kwa sababu ya neno lile?"

"Neno nimeshalisamehe. Stoo yako haina dirisha, mpenzi. Niliitikia kwa sababu nakupenda, nikaogopa kukuvunja moyo. Nikihamia pale nitakonda, na wewe utakuwa unanipiga picha."

Mwokaji aliangalia ukuta mpya wa kabati. "Kwa hiyo tumeachana?"

"Nani kataja kuachana? Karakana yangu haihami. Mimi wa kuolewa bado nipo." Akabeba mkoba wake, akashuka ngazi kichwa juu. Aliyoyasema yalikuwa kweli yote, na kwa kweli hiyo angeweza kumpoteza.

Siku ya kwanza simu haikulia, wala ya pili. Jumatano ikafika bila mkate. Milimita alikata mbao, akapiga msasa, akapaka rangi yake ya mdomo kama kawaida, na kila gari lililosimama nje lilimkata pumzi.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, alikuwa kwenye msumeno wa meza, ubao mrefu unapita chini ya mikono yake. Kivuli kikaingia mlangoni. Mwokaji alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono inasimama, viatu vinang'aa, na hakuna hata chembe ya unga mwilini. Akamwamkia shangazi kwa kuinama, "Shikamoo, shangazi," shangazi akaitikia kwa misumari mdomoni. Kisha akasogea mpaka mbele ya msumeno, akaanza kusema.

Milimita akainua kidole kimoja: subiri. Mwokaji akasubiri, vumbi la mbao likimtua begani. Akajaribu tena, kwa sauti kubwa zaidi. Kidole kikainuka tena.

Hatimaye Milimita akazima msumeno. Akavua miwani ya kazi, akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Ulikuwa unasema?"

"Nimesema nimekuja kukuchumbia hapa kwako, mbele ya shangazi yako. Karakana ibaki hapa, mikate ibaki kule, kila mtu na kazi yake. Jioni tuwe na nyumba moja. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa natafuta yenye madirisha, na nimeipata. Ukikubali, twende ukaipime. Mili, nataka nikuoe."

"Hayo ya mwisho sikuyasikia vizuri."

"Nataka nikuoe!" alipaza sauti, na fundi viatu wa jirani akatokeza kichwa dirishani.

"Ndiyo," alisema Milimita. "Nakubali. Nimekubali, njoo hapa." Akamvuta kwa kola ya lile shati jeupe, vumbi na yote, na shati likaharibika vibaya sana.

Shangazi akatema misumari kiganjani ili apate kusema vizuri.

"Kakusikia tangu ulipofungua mdomo, mwanangu," alimwambia mwokaji. "Ule ubao ulikwisha zamani. Msumeno ulikuwa unakata hewa."